Jiko la Nyuma ya Kanisa

Walimu wa shule ya Jumapili mjini Dodoma wanaijua safari yenyewe, ingawa hawaizungumzii sana. Mtoto wa darasa la tatu hukaa benchi la mbele na kuimba kwa nguvu zake zote. Akifika la tano anahamia nyuma. Akifika la sita yuko nje, chini ya mwarobaini, na wenzake wawili watatu, wanachungulia simu ya kaka wa mmojawao. Akimaliza la saba hayupo. Ukimuuliza mama yake utaambiwa ana tuisheni, au anafua sare, au kichwa kinamuuma, na mwaka unaofuata hakuna tena anayeuliza. Atarudi siku atakapohitaji cheti cha ubatizo kwa ajili ya fomu fulani, au siku ya kuandikisha ndoa.

Watoto hawa wa miaka tisa hadi kumi na tatu kanisa limewaacha stendi. Wameshushwa na gari la watoto, na gari la vijana halijafika. Nyimbo za kupiga makofi na kuigiza tembo zinawaaibisha mbele ya wenzao. Mafundisho ya kipaimara bado yako mbele. Umoja wa vijana umejaa watu wenye ndevu, wenye wachumba na wenye ajenda za harambee. Mtoto wa miaka kumi na moja akiingia humo anatumwa maji.

Dawa iliyozoeleka ni kwaya, na si dawa mbaya. Nyanda hizi zina sauti. Ardhi iliyomtoa mwanamuziki Hukwe Zawose haiwezi kukosa waimbaji, na tangu 2009 Chamwino wana tamasha lao la muziki wa Kigogo. Pembeni ya kwaya ipo ngonjera, sanaa yenye alama ya mtu wa hapahapa, Mathias Mnyampala, mshairi aliyeigeuza hata Injili na Zaburi kuwa tenzi. Basi Krismasi na Pasaka zikifika watoto wanaimba, wanakariri, wanaigiza Herode. Ila kwaya inachagua. Mvulana wa miaka kumi na miwili ambaye sauti imeanza kumkatika anaambiwa asimame nyuma na asiimbe kwa nguvu. Msichana mwenye haya hapewi shairi. Na hata aliyechaguliwa, siku asipokuja, nafasi yake inazibwa na mwenzake na kwaya inaendelea.

Hapo ndipo ninapopaona penyewe. Mtoto wa umri huu hakimbizwi na urefu wa mahubiri; ameshazoea kukaa darasani saa nane. Ameona tu kwamba hakuna kinachoharibika asipokuja.

Jikoni kinaharibika. Asipofika wa kuchambua mchele, watu watatafuna mawe. Asipofika wa kuchochea moto, uji utachelewa na wazee watakaa wanaangaliana. Ndiyo maana napendekeza kitu ambacho wengine watakiona cha kitoto au cha kizungu: kanisa liwafungulie watoto wa darasa la tano na la sita jiko lake, liwafundishe kupika kwa mpangilio, na chakula wanachopika kiwe na mlaji anayekisubiri.

Jiko lenyewe lipo. Karibu kila kanisa la Kizota, Nkuhungu, Ipagala au Chang'ombe lina banda la bati nyuma, mafiga ya matofali yaliyokolea masizi, masufuria makubwa yaliyoandikwa jina la kanisa kwa rangi ya mafuta yasije yakaibwa msibani, na magunia ya sahani za plastiki. Linawaka siku ya ziara ya askofu, siku ya harusi, siku ya semina. Siku hizo watoto hulizunguka kama kawaida ya watoto, na sauti inayosikika ni moja: "Tokeni hapa, mtaungua!" Ndicho chumba pekee cha kanisa ambacho mtoto anatamani kuingia, na ndicho pekee anachofukuzwa.

Kanisa la huku si geni katika kufundisha upishi. Wamisionari Waanglikana wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876. Mwaka huohuo, huko Uingereza, Mary Sumner alianzisha Mothers' Union, umoja wa akina mama wa Kianglikana ambao baadaye ulikuja kutia mizizi katika vijiji vya Ugogo. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, ilikuwa na vituo, zahanati na shule, na katika shule za misheni mgawanyo ulikuwa wazi. Msichana afundishwe kupika, kushona na kulea. Mvulana afundishwe useremala, ukarani na ualimu. Jiko lilikuwa njia ya kumpata binti na kumwandaa awe mke wa mwinjilisti. Wapo mabibi waliopita humo ambao mpaka leo wanaoka keki ya kumwaga mate, na sina ugomvi na keki zao. Lakini mtindo ule umeacha kovu: mpaka sasa ukitamka "darasa la mapishi kanisani", wazee watakuitikia kwamba hilo ni jambo la akina mama, na wavulana wataendelea kupiga mpira uwanjani.

Sura ya pili ya jiko la kanisa ni ya karibu zaidi. Mwaka 2006, wakati wa Askofu Godfrey Mdimi Mhogolo, dayosisi hiyohiyo ilianza na Dayosisi ya New York ya Kanisa la Episkopo la Marekani mpango ulioitwa Carpenter's Kids. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi vijijini. Makanisa ya huku yaliunganishwa na makanisa ya kule, na watoto walio katika mazingira magumu wakapata sare, viatu, vifaa vya shule na kifungua kinywa. Uji ulipikwa na watu wa kujitolea wa kanisa lenyewe, kabla watoto hawajaenda shuleni. Anayeijua Dodoma ya mwezi wa pili, ghala tupu na mtama haujakomaa, anajua kikombe kimoja cha uji asubuhi kina maana gani kwa mtoto mwenye kilomita za kutembea.

Lakini katika mpango wa namna ile, kama ilivyo katika vituo vyote vya kulisha watoto, nafasi ya mtoto ni kwenye foleni, kikombe mkononi. Lazima ianzie hapo, maana mwenye njaa hafundishwi, analishwa kwanza. Kasoro inaanza pale anapobaki kwenye foleni hiyo miaka saba. Mtoto wa miaka sita anapokea uji na kushukuru. Wa miaka kumi na miwili anapokea uji na kuangalia kama kuna mtu wa darasani kwao anayemwona.

Hamu ya kumtoa mtoto kwenye kupokea na kumweka kwenye kutoa si ngeni kwa makanisa. Wakatoliki wana shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzia Ufaransa mwaka 1843 kwa Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, ambalo msingi wake wote ni watoto kuwasaidia watoto. Walutheri wa KKKT wana Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba, ambapo kwa Jumapili moja watoto wanashika ibada: wanasoma masomo, wanakusanya sadaka, wengine hata kuhubiri. Waadventista ndio waliofika karibu zaidi na jiko. Klabu yao ya Watafuta Njia, iliyokubaliwa rasmi na kanisa hilo duniani mwaka 1950 na inayochukua watoto kuanzia miaka kumi, inatoa nishani kwa ujuzi wa mikono, na katika ujuzi huo umo upishi, uokaji mikate, na kuwasha moto na kupika kambini. Mtoto hapewi nishani kwa sababu amekuja mara nyingi. Anaipata kwa sababu mkate wake umeiva. Ukitaka kujua kwa nini watoto wa Kiadventista wa umri huu wanaipenda skafu yao, anzia hapo.

Sasa tukubaliane juu ya jambo moja kabla hatujachukua mwiko. Darasa la mapishi la watoto, kama linavyofanywa Ulaya au Marekani, linamchukua mtoto ambaye hajawahi kuosha kikombe na kumwonyesha maajabu ya yai. Msichana wa miaka kumi wa Hombolo au Mvumi hana haja ya kuonyeshwa yai. Amekuwa akisonga ugali wa watu saba tangu yuko la tatu, mdogo wake mgongoni. Ukimwita kanisani Jumamosi aje akate vitunguu, umemwongezea zamu, hujampa darasa. Nimeona semina za watoto ambako wasichana waliishia kuosha vyombo vya wawezeshaji wakati wavulana wanapiga picha. Huko siko kunakomrudisha mtoto kanisani.

Kaka yake naye ana habari tofauti. Anajua wanaume wanapika, kwa sababu anawaona kila jioni mjini: wakaanga chipsi, wachoma nyama, wauza supu ya asubuhi. Anachokijua vilevile, ingawa hakuna aliyemwambia, ni kwamba mwanamume anapika akilipwa na mwanamke anapika bure. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza wa darasa hili asiwe mama mchungaji. Awe mpishi wa shule ya bweni, au mzee aliyepika jeshini, au kijana wa hotelini ambaye ni muumini na anajua kunoa kisu. Mvulana akimwona mwanamume huyo anavaa aproni, anaosha mikono hadi kwenye kiwiko na kuonja mchuzi kwa kijiko safi bila kurudisha kijiko kilekile sufuriani, maneno mengine yote ya usawa yanaweza kusubiri. Mabibi waje wiki ya pili.

Na wakija, waje na kile ambacho nyumbani kinapotea. Mwaka 2012 sensa iliikuta Dodoma mjini na watu 410,956. Mwaka 2022 iliwakuta 765,179. Katikati hapo serikali ilihamia, na pamoja na mafaili walikuja watoto waliozaliwa Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, ambao kwao mlenda ni kitu cha kukunjia uso. Hata watoto wa Kigogo wa Ilazo na Kisasa, wengi wao ugali wa uwele wanaujua kwa kuusikia. Mwite bibi wa Buigiri au Handali aje na mfuko wake wa mlenda uliokaushwa na kutwangwa. Waache watoto waone maji yakichemka, magadi kidogo yakitiwa, kidogo kwelikweli kwa sababu yakizidi chakula kinakuwa na ladha ya majivu, halafu unga wa majani ukinyunyizwa huku mkono mwingine unakoroga. Nyanya, chumvi, karanga zilizotwangwa. Hakuna mafuta. Bibi anainua mwiko juu kupima unavyovutika, na watoto wanapiga kelele, nusu ya kinyaa na nusu ya raha. Atakayekataa kuonja asilazimishwe. Wiki ya tatu ataonja.

Ukiwa na bibi huyo jikoni unayo na historia ambayo haiko kwenye kitabu cha shule ya Jumapili. Kwao mlenda, majani ya kunde na ubuyu ndivyo vilivyowavusha watu miaka mvua ilipokataa. Ukoo wake huenda bado una simulizi za Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na ukame kufuatia. Baada ya kusikia hayo, msomee mtoto habari ya mjane wa Sarepta katika Wafalme wa Kwanza, aliyekuwa anaokota kuni mbili tatu ampikie mwanawe mlo wa mwisho, akaombwa ampe kwanza mgeni. Katika nchi yenye mvua kidogo mno kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili, mtoto hahitaji picha ya rangi kuelewa unga unaoishia mtungini.

Karanga nazo zina somo lake, na hili si la Biblia tu. Kongwa ndiko Waingereza walikomwaga mamilioni ya pauni kuanzia 1947 ili walime karanga za kulisha Uingereza yenye njaa ya mafuta. Udongo ukawa mgumu kama saruji kiangazi kilipofika, trekta zikavunjika, mvua haikufuata ratiba, na mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa. Mkulima mdogo akaendelea kulima karanga zake kwa jembe kama zamani. Lakini adui wa sasa ni mdogo zaidi. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haina harufu, haina ladha, na haiishi kwa kuchemshwa wala kukaangwa kwa kawaida. Dawa yake inaanza shambani na kwenye uanikaji, juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na inaishia kwenye ungo: kuondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zilizoota ukungu.

Kazi hiyo ya ungo ni ya mtoto wa miaka kumi. Macho yake makali, vidole vyembamba, na subira yake si mbaya akiwa na wenzake. Waketishe kumi kwenye mkeka, kila mmoja na ungo wake, katikati beseni la mbovu. Wataanza kwa kushindana nani beseni lake litajaa upesi, na hapo mwalimu atawarudisha nyuma, maana mwenye haraka anatupa nzima na kuacha mbovu. Baada ya robo saa mashindano yanaisha na maongezi yanaanza. Hapo ndipo mwalimu wa shule ya Jumapili anapopata kile ambacho hakukipata miaka mitatu darasani. Mtoto akikazia macho ungo, hakutazami usoni, na asipokutazama usoni anasema. Atasema baba amehama nyumba. Atauliza kama mbwa wao aliyegongwa barabarani yuko mbinguni. Atauliza kwa nini mchungaji anaombea mvua na hainyeshi. Mwalimu asiyejua la kujibu naye ana ungo wake wa kuangalia, na huo ni msaada mkubwa kuliko vitabu vya walimu vinavyokiri.

Na jioni mtoto huyo atakwenda kwao na kumzuia mama yake asimpe kuku, wala asisage, karanga zile zilizooza. Kama kanisa linatafuta njia ya kuingia nyumbani kwa mtu bila kugonga mlango, hiyo ipo.

Baada ya mlenda na karanga, fungu la tatu la masomo liwe mikate, kwa sababu moja tu: unga wa ngano unalazimisha watu kusubiri. Unga, hamira, sukari, chumvi, maji ya uvuguvugu. Kanda mpaka uache kunata. Funika kwa kitambaa safi. Kwa joto la Dodoma, saa moja inatosha kabisa kuumuka, na saa hiyo ndiyo ya fundisho, lile la mwanamke aliyeficha chachu ndani ya vipimo vitatu vya unga, au la kijana mwenye mikate mitano ya shayiri, au lile ninalolipenda mimi zaidi na ambalo halihubiriwi sana, la Yesu mfufuka aliyewawashia wanafunzi wake moto wa makaa ufukweni na kuwachomea samaki. Bwana mwenyewe alipika. Mwambie hilo mvulana aliyeshika mwiko kwa aibu.

Asiye na ovena hazuiwi. Sufuria kubwa yenye mchanga au vijiwe chini, sufuria ndogo ndani yake, mfuniko, mkaa kidogo chini na mkaa mwingi wa kupalia juu. Mkate unaoka vizuri, na mtoto anajifunza kwamba moto wa chini ukizidi mkate unaungua tako huku kichwa kibichi. Najua hapa nakwenda kinyume na wakati. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeshaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Makanisa yenye shule na vituo yanahusika moja kwa moja. Mafiga ya nyuma ya kanisa nayo siku zake zinahesabika. Basi mkaa uwe wa siku ya mkate tu, tena mkaa mbadala ukipatikana, na siku nyingine zote watoto wajifunzie gesi: kukagua mpira kama umechanika, kufungua madirisha kwanza, kuwasha kiberiti kabla ya kufungulia, kufunga mtungi wakimaliza. Wengi nyumbani kwao mtungi umeshafika lakini wameambiwa wasiuguse, kwa hiyo wanaugusa mama akiondoka.

Kuhusu kuungua, tuwe wakweli, maana ndiyo hoja ya kwanza atakayoitoa mzee wa kanisa, na ana haki. Miezi ya mwanzo mafuta ya moto yasiwepo kabisa. Maandazi na sambusa vitasubiri. Sufuria kubwa haiinuliwi na mtoto. Watu wazima wawe wawili kila mara, mlango wa jiko wazi, na hilo la mlango si kwa ajili ya moshi peke yake. Na pawe na ndoo ya maji safi ya baridi na mtu anayejua kwamba aliyeungua anamwagiwa maji hayo kwa dakika ishirini, hapakwi dawa ya meno, wala yai, wala asali. Somo hilo peke yake linalipia gharama za mwaka mzima.

Kuna jingine la kuongelea bila kuzunguka. Dodoma tunaishi mchanganyiko, na harufu ya mkate haiulizi dini. Ukifungua jiko Jumamosi watakuja na watoto wa majirani Waislamu, hasa ukienda upande wa Kondoa ambako wao ndio wengi. Wakaribishwe, lakini wazazi wao waambiwe mapema kwamba hili ni darasa la kanisa, lina sala na lina Biblia, na nyama ikiwepo waambiwe imechinjwa na nani. Chambo kinachofichwa kinaharibu ujirani wa miaka, na mtoto mwenyewe, ambaye ana akili kuliko tunavyomdhania, atajua ametegwa.

Chakula kikishaiva kiende wapi? Hapa ndipo makanisa mengi yatakapoharibu. Kitaliwa na watoto wenyewe, kitapigwa picha, basi. Sawa kwa siku ya kwanza. Lakini kazi inaanza siku watoto watakapobeba hotipoti tatu na kuwapelekea wagonjwa waliotajwa kwenye matangazo ya Jumapili, au bibi anayeishi peke yake, au nyumba yenye msiba ambako chai inahitajika saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto anayekabidhiwa birika la chai msibani anaona kanisa kwa upande ambao mimbara haiuonyeshi. Anaona pia watu wazima wakilia, na anarudi kimya, na wiki ijayo anakuja mapema.

Mkate wa ziada upelekwe kwenye mnada. Kila anayesali huku anaujua: ibada ikiisha, sadaka za vitu zinanadiwa nje ya kanisa, mayai, kuku, muwa, kiroba cha mahindi, na katibu anageuka dalali kwa dakika kumi. Mkate uliookwa na mvulana wa miaka kumi na moja, baba yake akiwa pale na wenzake wa kazini, utapanda bei mpaka aone haya kuacha. Zabibu zikiwa msimu, na Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka tangu wamisionari Wakatoliki walipozizoesha ardhi hii, watoto wapike jamu waitie kwenye chupa zilizochemshwa. Hiyo nayo itanadiwa. Pesa iandikwe kwenye daftari na watoto wenyewe, na wao ndio waamue inunue hamira au imnunulie mwenzao madaftari. Kamati ya ujenzi isiiguse. Nalisema hili nikijua kwamba kila kanisa lina mnara ambao haujaisha.

Akina mama wanaoshika ufunguo wa jiko watakuwa na neno pia. Masufuria yao yana historia, vijiko vyao huhesabiwa, na si kila mmoja atafurahi kukuta unga sakafuni Jumatatu. Afadhali waulizwe kabla, wapewe heshima ya kuweka masharti, na mmoja wao awe na sauti ya mwisho kuhusu nani anaingia. Katika makanisa mengi ninayoyajua, mchungaji anaweza kubadili liturujia kwa urahisi kuliko kubadili pa kuweka masufuria.

La mwisho ni kalenda, na kalenda ya kanisa peke yake haitoshi. Darasa la saba wana mtihani wa taifa Septemba, la nne wana wao Oktoba, na Jumamosi zao zimeshanunuliwa na tuisheni. Ndiyo maana nasema la tano na la sita. Vijijini, ukianza Desemba kwa sababu shule zimefungwa, hutapata mtu: mvua imeanza na mtoto yuko shambani na jembe lake. Machi na Aprili uwele unapokomaa yuko juu ya kilingo anaamia kweleakwelea tangu alfajiri. Juni ndiyo yenyewe. Shule zimefungwa, mavuno yameingia, karanga mpya ziko juu ya turubai zinasubiri wa kuzichambua, na upepo wa Dodoma unaanza kuwa baridi kiasi kwamba mtoto anatafuta mwenyewe sababu ya kukaa karibu na moto. Ukianza Juni unabaki na miezi mitatu kabla ya Sikukuu ya Mikaeli, na miezi mitatu inatosha kuwafundisha watoto ishirini kuupikia uji usharika mzima, wakati wenzao wako mbele wanahubiri.